Maisha ya Mpira

Kwa miezi minne nilitembea na mfuko wa mkojo umefungwa kwenye paja la kulia, chini ya kanzu. Mpira ulitoka kibofuni, ukashuka hadi kwenye mfuko wenye alama za mililita ubavuni, na kila baada ya saa tatu au nne nilitafuta mahali pa kujificha nikafungua kizibo na kumwaga. Nilijua duka gani hapa Muheza lina choo uani. Nilijua kiti kipi cha daladala kinabana mrija na kipi hakibani. Msikitini niliacha kwenda, kwa kuwa nilijiona mtu asiye na twahara, mpaka imamu alipokuja mwenyewe nyumbani wiki ya tatu, akaketi barazani, akanieleza kwa upole kwamba mwenye udhuru wa mkojo hutia udhu kila wakati wa sala unapoingia, akasali hivyo hivyo, na sala yake ni sala. Nililia mbele yake. Nilikuwa na miaka 71.

Nimefundisha historia sekondari kwa miaka 34. Nimefundisha Mkutano wa Berlin, Majimaji, mkonge na reli ya Tanga, lakini kitu hiki nilichokuwa nimekifunga pajani sikuwahi kumfundisha mtu historia yake, wala mimi sikufundishwa. Wakati nasubiri zamu ya upasuaji, mjukuu wangu anayesomea uuguzi aliniletea vitabu vyake. Nilipovimaliza nikamwomba vingine. Nilichokipata humo kilinipa utulivu ambao vidonge havikunipa, na ndiyo maana naandika.

Nianze na maneno, maana maneno yenyewe yametuponza. Kwetu watu husema, "Fulani ana tezi dume," wakishusha sauti, kana kwamba tezi dume ni ugonjwa. Kila mwanamume anayo. Imekaa chini ya kibofu, imeizunguka njia ya mkojo kama pete ilivyozunguka kidole, na kwa kijana haizidi ukubwa wa ndimu changa. Umri ukisogea inaanza kukua; wanaume waliofika miaka sitini, karibu nusu yao tezi zao zimekwisha kukua. Pete ikikaza, kidole kinaumia. Mkojo unakuja kwa kusuasua, unakatika, mtu anaamka usiku mara tano, na siku moja haliji hata tone. Huo uvimbe si saratani. Lakini mkojo usiotoka hurudi nyuma, ukazijaza figo, na figo zikishindwa sumu inabaki mwilini na mtu anakufa akiwa amepotewa na akili. Wazee wetu waliliita jambo lote hili mshipa, wakalichanganya na ngiri na busha, ambayo ni maradhi mengine kabisa na yana tiba nyingine.

Babu yangu alikufa hivyo mwaka 1963, wakati wa masika. Mimi nilikuwa na miaka kumi na nililala naye chumba kimoja. Ninachokumbuka zaidi ni sauti. Usiku alitoka nje, akasimama nyuma ya nyumba karibu na mgomba, nami nikiwa kitandani nilimsikia akijikamua, akinyamaza, akijikamua tena, na baada ya muda mrefu matone mawili matatu yakianguka juu ya jani kavu. Akirudi alinigusa kichwa, akadhani nimelala. Hakumwambia mtu. Siku mkojo ulipofunga kabisa, tumbo lilimkaza kama ngoma. Akaandikiwa kombe akanywa, akachemshiwa mizizi akanywa, na kila alichokunywa kilizidi kumjaza. Baba na baba wadogo walitaka kumpeleka hospitali, naye akakataa katakata: huko wapo wanawake, watamfunua. Siku ya nne alianza kuongea na watu wasiokuwepo. Aliwahimiza wenzake wa shambani, akawataja kwa majina, akasema nyapara anakuja.

Shamba lenyewe lilikuwa la mpira.

Hapa inanibidi niwarudishe wasomaji nyuma kidogo, kwa kuwa vijana wa leo wakisikia Tanga hufikiri mkonge tu. Wajerumani walipojenga reli kutoka Tanga, ikafika Muheza mwaka 1896, mashamba yaliyofuata njia hiyo hayakuwa ya mkonge peke yake. Kulikuwa na mipira, ule mti wa Manihot ulioletwa kutoka Brazili, jamaa wa muhogo. Njia ya kuugema waliyoitumia sana ilipewa jina la shamba la Lewa, huku huku kwetu. Babu, akiwa kijana, alikuwa mgemaji. Alitueleza jinsi alivyopaka shina maji makali yenye asidi, akalidunga kwa ncha ya kisu, utomvu ukatoka mweupe na kuganda palepale kwenye gome. Kisha aliuvuta ule uzi kwa vidole, akauviringisha na kuuviringisha mpaka ukawa tufe. Kitu cha kuchezea na utomvu wenyewe vina jina moja katika lugha yetu. Matufe yale yalipakiwa kwenye mabehewa, yakashuka bandarini, yakaenda viwandani Ulaya. Mwaka 1913 bei ya mpira ilianguka duniani, kwa sababu ya mpira wa mashamba ya Asia, na mashamba yetu mengi yakageuzwa au kuachwa. Kisu cha babu chenye ncha iliyopinda tunacho hadi leo, kimechomekwa juu ya mlango wa stoo.

Miaka yote ile sikuwahi kujiuliza Wazungu walifanyia nini mpira wetu. Matairi, nilidhani. Kumbe zamani kidogo kabla ya babu kuzaliwa, mnamo 1860, daktari mmoja wa upasuaji huko Paris, Auguste Nélaton, alichukua mpira uliopikwa kwa salfa, njia aliyoigundua Mmarekani Goodyear mwaka 1839, akatengeneza mrija laini mwekundu wa kupitishia mkojo. Mpaka leo aina hiyo ya mrija inaitwa kwa jina lake. Kabla yake mirija mingi ilikuwa ya chuma. Kwenye magofu ya Pompeii, mji uliofunikwa na volkano mwaka 79, ilichimbuliwa mirija ya shaba nyeusi iliyopindwa kama herufi S kwa ajili ya wanaume. Abul-Qasim al-Zahrawi wa Cordoba, kwenye kitabu chake cha tiba cha miaka elfu moja iliyopita, alieleza mrija wa fedha, mwembamba, na namna ya kuuingiza kwa subira. Mwaka 1752 Benjamin Franklin wa Marekani alimbunia kaka yake mwenye mawe ya kibofu mrija wa fedha wa pete pete, ili ujipinde. Nami nafikiri juu ya wote waliolazwa chali wakasubiri chuma kipite. Mwili unakumbuka.

Maana hata mpira laini unaumiza ukiingizwa vibaya. Usiku mkojo uliponifunga, mahali pa kwanza nilipopelekwa kijana wa zamu aliusukuma kwa nguvu, akajaza puto lililo mwishoni mwake kabla ncha haijafika kibofuni, na nilitoka pale na damu kwenye msuli na bila nafuu. Pa pili nilimkuta nesi mtu mzima. Aliutazama mpira uliotaka kutumika, akaurudisha, akaleta mwingine wenye ncha iliyokunjwa kidogo kwenda juu kama kidole kinachoita. "Mwalimu," akaniambia, "tezi imeinyanyua njia. Wa kunyooka unagonga ukuta." Uliingia kama uzi unavyoingia kwenye tundu la sindano. Nikasikia mkojo ukianguka kwenye beseni, lita moja na robo, na nikafumba macho. Baadaye nikasoma kwamba ile ncha iliyokunjwa ilibuniwa na Mfaransa, Auguste Mercier, miaka ya 1830, kwa ajili ya wanaume wa aina yangu hasa. Karibu miaka mia mbili ilikuwa ndani ya mkono wa yule mama.

Uingereza ya karne ya 19 walikuwa na jina la hali hii, nalo tafsiri yake ni maisha ya mpira. Mwanamume ambaye tezi imemziba alifundishwa kujiingizia mrija mwenyewe, mara nne au sita kwa siku, mpaka mwisho wa uhai wake. Waheshimiwa waliukunja mrija ndani ya kofia, au waliuficha kwenye mkongojo wenye uwazi. Hawakuchemsha kitu, kwa kuwa habari ya vijidudu ilikuwa haijajulikana. Walifanikiwa mwaka mmoja, miwili, kisha homa ikawatikisa, mkojo ukageuka usaha, wakaondoka. Madaktari walijua vizuri kilichowaziba. Morgagni wa Padua alikuwa amekwisha kuueleza ule uvimbe mwaka 1761 kutokana na maiti alizopasua. Walichokosa ni njia ya kumfikia mgonjwa angali hai na kumwacha hai.

Walijaribu mambo mazito. Mwaka 1893 William White, daktari wa Philadelphia, alihimiza wanaume waondolewe korodani ili tezi isinyae. Wazo lilikuwa na ukweli ndani yake, kwa sababu tezi hukua kwa nguvu ya homoni za korodani, lakini wazee wengi walikufa kwa tiba hiyo, na waliopona walilipa bei ambayo sihitaji kuieleza. Nikisoma kurasa zile nilikuwa nakifunga kitabu, naenda nje, narudi.

Mtu niliyekaa naye muda mrefu katika kusoma kwangu ni Peter Freyer. Huyu alikuwa Muayalandi wa Galway, mtoto wa watu wa mashamba, aliyefanya kazi ya udaktari katika utumishi wa Waingereza nchini India kwa miaka ishirini hivi, akawa hodari wa kutoa mawe ya kibofu. Alirudi London, akapata nafasi katika hospitali ya St Peter's. Tarehe 1 Desemba 1900 alimlaza mzee wa miaka 69 ambaye alikuwa hawezi kukojoa bila mrija. Alimpasua chini ya kitovu, akafungua kibofu, akaingiza kidole cha mkono mmoja huko ndani na kidole cha mkono wa pili njia ya haja kubwa ili kuinua tezi, kisha akaanza kuubandua uvimbe kwa ncha ya kidole.

Mtu wa Muheza hahitaji kuchorewa. Chukua chungwa letu, lile la ganda la kijani, likate kidogo juu, uingize kidole gumba kati ya ganda na nyama, ukizungushe taratibu. Nyama inaachia. Ukiwa na subira unaitoa nzima na ganda linabaki mkononi kama kikombe. Hivyo ndivyo upasuaji huu ulivyofanyika, na hivyo ndivyo unavyofanyika hadi sasa katika hospitali nyingi za kwetu tezi ikiwa kubwa. Uvimbe umekua katikati, ukaisukuma ile tezi ya asili pembeni mpaka ikawa ganda. Daktari anatoa nyama, anaacha ganda.

Freyer alitangaza kwamba anaitoa tezi yote nzima. Alikosea, na wenzake walimwonyesha kosa hilo, naye hakupenda kusikia. Zaidi ya hapo, Eugene Fuller wa New York alikuwa amefanya upasuaji wa namna hiyo na kuuandika tangu miaka ya 1890, na njia ya kuinua tezi kwa mkono wa pili Freyer aliisikia kwa daktari mwingine wa New York, Ramon Guiteras. Fuller alilalamika mpaka mwisho, na mimi naona alikuwa na haki. Lakini Freyer alirudia, akaandika, akahesabu, akarudia tena. Mwaka 1912 aliripoti wagonjwa 1,000, na waliokufa walikuwa kama watano na nusu katika kila mia. Kwa wazee wa umri ule, kabla ya kuwepo dawa za kuua bakteria na benki za damu, hesabu hiyo ilikuwa kama mlango uliofunguliwa. Na siri yake kubwa, kwa jinsi ninavyoielewa, haikuwa kidole. Ilikuwa mrija mpana aliouacha tumboni ili kibofu kioshwe na damu isigande ndani. Wengine baada yake walijifunza kumwekea mgonjwa mrija kwanza, wakamwacha siku kadhaa au wiki figo zake zipate nguvu, ndipo wakampasua. Waliofanya hivyo walizika watu wachache zaidi.

Hapo ndipo nilipouangalia upya mfuko wa pajani. Nilikuwa nauona kama alama ya kushindwa kwangu. Kumbe daktari wangu aliponiambia, "Mwalimu, kaa na mpira kwanza, kipimo cha figo chako si kizuri," alikuwa ananipa kitu ambacho kiligharimu maisha ya maelfu ya wanaume kabla hakijajulikana. Kipimo kilishuka mwezi baada ya mwezi. Mpira ule niliouchukia ulikuwa unanirudishia figo zangu.

Mambo mengine nitayapita upesi. Kuingia kwa njia ya mkojo yenyewe bila kupasua tumbo kulianza na darubini ya kibofu ya Maximilian Nitze, mwaka 1877 na kuendelea. Hugh Young wa Baltimore alitengeneza chombo cha kumega tezi gizani, na mmoja wa wagonjwa wake, tajiri James Brady aliyejulikana kwa almasi zake, alifurahi kupona kiasi cha kutoa fedha za kujenga taasisi nzima ya magonjwa ya mkojo, iliyofunguliwa mwaka 1915. Kisha wakaja madaktari Stern na McCarthy na waya wa umeme unaokata na kuziba damu kwa wakati mmoja. Njia hiyo ndiyo iliyoenea kote duniani kwa tezi za wastani. Tangu miaka ya 1990 kuna vidonge, na wengi wenye dalili za mapema hawahitaji kisu. Mimi nilivimeza mwaka mzima. Nilikuwa nimechelewa.

Ila kitu kimoja nisikipite. Miaka ya 1930, Frederic Foley wa Minnesota alihangaikia damu inayotoka baada ya tezi kumegwa. Akafikiria mpira wenye puto mwishoni: ukishaingia kibofuni puto linajazwa maji, linavutwa, linakandamiza kidonda. Kwa hiyo ule mpira wa puto ambao leo kila wodi inautumia kwa wajawazito, kwa waliovunjika nyonga, kwa walio mahututi, chimbuko lake ni kidonda cha tezi dume. Foley aligombea hati ya ubunifu akaikosa, lakini jina lake limebaki. Na mpira huo ulitengenezwa kwa utomvu.

Masika yale babu alipokufa, waziri mkuu wa Uingereza alikuwa Harold Macmillan, yule aliyesema huko Cape Town mwaka 1960 kwamba upepo wa mabadiliko unavuma Afrika. Oktoba ya mwaka huo huo wa 1963, usiku wa kuamkia tarehe 8, mkojo ulimfunga. Alikuwa na miaka 69. Tarehe 10 akapasuliwa London. Aliamini kwamba ugonjwa ni mzito kuliko ulivyokuwa, akajiuzulu. Tarehe 18 Malkia alikwenda mwenyewe hospitalini kumsikiliza kando ya kitanda chake juu ya nani amrithi. Uvimbe haukuwa saratani. Macmillan aliishi hadi Desemba 1986, akafa na miaka 92. Miezi miwili baada ya upasuaji wake Zanzibar na Kenya zilipata uhuru, chini ya waziri mkuu mwingine. Aprili 1964 Rais Charles de Gaulle wa Ufaransa naye alipasuliwa tezi, Paris, kwa siri. Taifa liliambiwa mambo yakiwa yamekwisha. Nimewaweka wazee hawa kando ya babu yangu makusudi. Kiungo ni kilekile, umri unakaribiana, ndani ya mwaka mmoja hivi. Na hata hospitali ilikuwepo kwetu, si mbali. Kilichomuua babu ni figo, lakini kilichomzuia asifike ni aibu, na sisi tuliokuwa tunamheshimu tukaiheshimu na aibu yake.

Sasa Mandela. Habari hii nilikuwa naifahamu juu juu, na nilipoisoma yote nilimwita mke wangu aje asikie.

Mwaka 1985 Mandela alikuwa gereza la Pollsmoor, Cape Town, akikaa ghorofa ya tatu na wenzake: Sisulu, Kathrada, Mhlaba na Mlangeni. Madaktari waliona tezi yake imekua, wakashauri apasuliwe. Novemba akapelekwa hospitali ya Volks chini ya ulinzi mkali. Alikuwa na miaka 67. Mkewe Winnie alipanda ndege kwenda kumwona, na ndani ya ndege hiyo hiyo alikuwemo waziri wa sheria wa makaburu, Kobie Coetsee, wakaongea. Siku chache baadaye Coetsee alitokea hospitalini, bila taarifa, kama mtu anayekuja kumjulia hali jamaa. Mandela alimpokea kwa adabu. Hawakuzungumza siasa, au walizigusa kidogo tu. Lakini Mandela aliporudishwa Pollsmoor hakupelekwa kwa wenzake. Alipewa vyumba vyake chini, peke yake. Wenzake walitaka kulalamika. Yeye akawaomba wasifanye hivyo, kwa kuwa katika upweke ule aliona nafasi: mtu aliye peke yake anaweza kuanza mazungumzo ambayo kundi lingelazimika kuyakataa. Akamwandikia Coetsee. Mazungumzo ya siri yalianzia hapo, yakaendelea miaka, hadi tarehe 11 Februari 1990 alipotoka gerezani kwa miguu yake.

Sisemi kwamba tezi dume ilimaliza ubaguzi wa rangi. Waliomaliza ni watu waliokufa Soweto na Sharpeville na waliosoma Mazimbu kule Morogoro. Nasema tu kwamba mlango wa kwanza ulifunguliwa kando ya kitanda cha mzee aliyekuwa ametoka kupasuliwa, na kwamba Mandela alilieleza jambo hilo kwenye kitabu cha maisha yake bila kuficha ugonjwa uliompeleka pale. Mwaka 2001, akiwa na miaka 83, aligundulika na saratani ya tezi dume, akatibiwa kwa mionzi, na hilo pia likatangazwa. Watu huuliza: si alikwisha kupasuliwa? Jibu ni lile kosa la Freyer. Ganda linabaki. Aliyetolewa uvimbe anapaswa kuendelea kupimwa, nami napima.

Zamu yangu ilifika Jumanne. Ganzi ilichomwa mgongoni, njia aliyoianzisha August Bier huko Kiel mwaka 1898, na miguu ikawa mizito kama magunia ya mchanga wa mtoni. Nilikuwa macho. Pazia la kijani lilisimama kifuani, sikuona kitu. Nilisikia vyuma, nikasikia maji yakinyonywa, nikasikia daktari akimwambia mwanafunzi wake, "Weka kidole hapa. Sikilizia inavyoachia." Kisha kimya kirefu. Nilihisi nimetikiswa, bila maumivu, kama mtu anayevutwa shati kwa nyuma. Baadaye alizunguka pazia akanionyesha chupa. Ndani yake kulikuwa na mafundo mawili ya rangi ya nyama iliyochemshwa, yenye uvimbe uvimbe kama tangawizi. "Gramu 112," akasema. Ilipelekwa maabara, na majibu yalikuja safi.

Wodini nilirudi na mpira mpya wa njia tatu: moja ya puto, moja ya kuingizia maji, moja ya kutolea. Ulivutwa ukabandikwa kwa plasta pajani, puto likikandamiza kidonda, kama Foley alivyowaza. Chupa za maji ya chumvi zilitundikwa juu, kila ikiisha mjukuu wangu aliamka kumwita nesi. Rangi ndiyo ilikuwa habari ya wodi nzima. Siku ya kwanza ilikuwa juisi ya rozela. Siku ya pili chai ya rangi. Tulikuwa wazee sita, na kila asubuhi kabla ya shikamoo na marahaba tuliulizana rangi. Jirani yangu wa kitanda cha dirishani, mvuvi kutoka upande wa Pangani, alikuwa bado hajapasuliwa na alikuwa na hofu kubwa. Usiku alitaka nimsimulie. Nilimsimulia habari za Freyer na chungwa, na Mandela mara mbili, kwa kuwa aliomba.

Siku ya sita alfajiri yule nesi alikuja na bomba la sindano. Alinyonya maji ya puto, mililita thelathini, akaniambia nivute pumzi, na mpira ukatoka. Nilimwomba asiutupe kwanza. Niliushika. Ulikuwa wa rangi ya asali, mwepesi, na kwenye vidole ulikuwa na ile hali ya kunata kidogo ninayoikumbuka kwenye vitufe vya zamani alivyotuwekea babu tucheze. Nikamrudishia.

Kisha ukawa ni kungoja. Nilikunywa maji, nikatembea korido, nikanywa tena. Kama saa nne nilihisi, nikachukua jagi la kupimia nikasimama nyuma ya pazia la kitanda changu, mkono mmoja ukutani. Hakikuja kitu. Nikakumbuka jani la mgomba. Nikasubiri, sikujikamua, kama nilivyoelekezwa. Ndipo ukaja, ukichoma mwanzoni, kisha bila kuchoma, kwa mkondo mmoja usiokatika, ukapiga chini ya jagi la plastiki kwa sauti iliyojaa chumba. Nilisikia wodi imenyamaza. Ukaendelea. Na kabla mimi sijamaliza, kutoka kitanda cha dirishani, yule mvuvi akasema kwa sauti, "Alhamdulillahi."